Seva Isiyokuwa na Usiku: Shajara ya Mradi, Mwanga, Kigoma

Jumamosi, wiki ya kwanza

Leo nimeanza mradi ambao nimeuahirisha tangu masika. Mjomba wangu ana duka la steshenari hapa Mwanga lenye kompyuta sita, mashine mbili za fotokopi na printa moja ya rangi ambayo haiguswi na mtu isipokuwa yeye mwenyewe. Wateja huleta barua za maombi ya kazi, hati za mauziano ya viwanja, kadi za michango ya harusi na orodha za magunia ya dagaa yanayosafirishwa kwa treni. Kila kazi huhifadhiwa kwenye kompyuta iliyochapiwa, na mteja anaporudi baada ya wiki mbili akitaka jina moja lirekebishwe, huanza msako wa mashine hadi mashine, flashi mkononi, na flashi hiyo hiyo ndiyo inayosambaza virusi duka zima. Nimemwomba mjomba anipe kompyuta ya saba, iliyonunuliwa ikiwa imetumika na ambayo imekaa stoo bila kazi, ili niigeuze kuwa seva ya kuhifadhi mafaili yote mahali pamoja.

Kwa upande wangu, mradi huu ni darasa. Ninajifunza usimamizi wa mifumo ya kompyuta kwa kozi ya video ambazo nimekuwa nikizipakua usiku, wakati bando linapokuwa nafuu, na nimejiwekea lengo la kupata LPIC-1, cheti cha wasimamizi wa mifumo ya Linux, ambacho kina mitihani miwili, 101 na 102, kila mmoja ukiwa na maswali 60 kwa dakika 90. Asubuhi mimi ni karani wa ghala la dagaa Kibirizi; hufika dukani saa nane mchana na huondoka saa kumi na moja ili niwahi usafiri wa Ujiji. Muda wa mazoezi, basi, ni saa tatu kwa siku, tena pale wateja wanapokuwa wachache.

Mjomba ametoa sharti moja, kwamba seva isile bando la duka. Nimelikubali: itaunganishwa na kompyuta sita kwa kebo na swichi ya mtandao, bila intaneti, nami nitaiunganisha na simu yangu kila ninapohitaji kupakua programu. Nami nimemwomba jambo moja, kwamba seva isizimwe usiku. Amesema hakuna tabu.

Mfumo endeshi nilioweka ni Debian 12, mmoja wa mifumo ya Linux, toleo lililotoka Juni 2023. Sikuuchagua kwa ushabiki. Kompyuta hii ina RAM ya gigabaiti 4 na prosesa ya zamani, na Debian hukubali kusakinishwa bila madirisha wala mapambo, ikabaki skrini nyeusi yenye maandishi tu. Faili la kusakinishia, lenye zaidi ya megabaiti 600, nililipakua mtandao ukikatika na kurudi, kwa hiyo kabla ya kulitumia nilikokotoa alama yake ya SHA-512, ambayo huandikwa kwa herufi na tarakimu 128, nikailinganisha na ile iliyotolewa na Debian wenyewe. Zililingana. Dada anayechapa aliniona nikizifuata tarakimu kwa kidole, akaniuliza kama ninavuta uradi. Mwishoni kisakinishi kiliniuliza eneo la saa; nikachagua Dar es Salaam, nikasonga mbele.

Jumatano, wiki ya pili

Seva imepata anwani ya kudumu, 192.168.1.10, katika mtandao wenye nafasi ya anwani 254. Kwa kompyuta sita hiyo ni sawa na kukodi behewa zima kwa ajili ya kapu moja la migebuka, lakini ndivyo mitandao midogo inavyopangwa kwa kawaida, na hainigharimu chochote.

Kilichonichosha ni ruhusa za mafaili. Kwenye video somo hili lilionekana la watoto: kusoma ni 4, kuandika ni 2, kutekeleza ni 1, unajumlisha kwa ajili ya mwenye faili, kisha kikundi chake, kisha watu wengine, na faili lenye 640 mwenyewe hulisoma na kuliandika, kikundi hulisoma tu, wengine hawaoni kitu. Nililiandika daftarini, nikaona nimemaliza. Jana dada amehifadhi hati ya kiwanja kwenye seva, na mjomba alipotaka kuirekebisha akaambiwa hana ruhusa. Wateja wakiwa wamesimama kaunta, nikafanya lile ambalo kila mwalimu hukataza, nikaipa folda nzima 777, yaani kila mtu afanye apendavyo, na kazi ikaendelea. Nimelala vibaya. Folda hiyo ina namba za vitambulisho vya watu na bei walizouziana viwanja.

Leo nimelirudia jambo hilo kwa utulivu. Tatizo halikuwa ruhusa yenyewe bali umiliki: faili alilounda dada lilikuwa la kikundi chake mwenyewe, ambacho mjomba hayumo. Nimeunda kikundi kimoja, wachapaji, nikawaingiza wote wawili, kisha nikaipa folda ruhusa ya 2770. Ile 2 ya mwanzo, ambayo kozi iliitaja kwa sentensi moja na kuipita, ndiyo inayofanya kila faili jipya lirithi kikundi cha folda badala ya kikundi cha aliyeliunda. Nimerekebisha pia ruhusa ambazo Samba, programu inayoziwezesha kompyuta za Windows kuiona seva, hulipa faili jipya. Mjomba na dada sasa wanafungua hati moja kila mmoja kwa zamu yake, na mtu aliyeingia kama mgeni haoni hata jina la folda.

Jambo dogo: ufunguo wangu wa SSH, yaani wa kuingia kwenye seva kutoka kompyuta nyingine, ulikataliwa asubuhi nzima kwa sababu nilikuwa nimeuacha ukisomeka na watumiaji wote. Nimeupa 600, umekubalika. Kumbe programu ina adabu kuliko mimi.

Jumamosi, wiki ya pili

Leo nimepanga nakala rudufu. Folda ya duka imefikia gigabaiti 40, kwa kuwa mjomba amehamishia humo kazi zote za miaka iliyopita, na nimeandika programu fupi inayoifunga yote kuwa faili moja lililobanwa na kuliweka kwenye diski ya nje. Kazi hiyo ni nzito kwa prosesa hii, hivyo haifai kufanyika wateja wakiwepo. Nimeamua ifanyike saa nane usiku, na kazi ya kuikumbusha seva nimeikabidhi cron, programu ya ratiba, ambayo husoma nafasi tano: dakika, saa, siku ya mwezi, mwezi na siku ya wiki.

Nikaandika sifuri kwa dakika, na kwa saa nikaandika 8.

Ni baada ya kula ndipo nilipousoma tena mstari ule nikaona nilichofanya. Sisi tunahesabu saa kuanzia macheo na machweo, cron huhesabu kuanzia usiku wa manane. Saa nane usiku kwake ni 2, na 8 yake ni saa mbili asubuhi, wakati mjomba anapofungua mlango. Hesabu hii nimeifanya tangu nikiwa mtoto, kila ninapoiangalia simu, bila kujua kwamba ninaifanya. Lakini mkono ulipoandika haukupitia kwenye simu, ulipitia kwenye ulimi. Nimebadilisha 8 kuwa 2. Kuanzia sasa, katika shajara hii, saa za watu nitaziandika kwa maneno na saa za seva kwa tarakimu, ili nisijichanganye mwenyewe.

Saa kumi jioni nimemaliza kupakua programu zote nilizozihitaji na nimeitenga simu yangu na seva. Wiki ijayo itafanya kazi bila intaneti, kama tulivyokubaliana.

Jumatatu, wiki ya tatu

Saa kumi kamili jioni kompyuta zote zilianza kujikokota. Kufungua barua ya ukurasa mmoja kulichukua zaidi ya dakika, na mbele ya kaunta kulikuwa na watu watano. Nilipoangalia seva nikakuta ile programu ya kufunga folda inafanya kazi. Nikaisimamisha, nikaomba radhi, kisha nikaifungua orodha ya cron nikiwa na hakika kwamba nimerudia kosa la Jumamosi. Sikuwa nimelirudia. Mstari unasema 2.

Nimehisi kwamba huenda niliianzisha mwenyewe wakati wa majaribio nikaisahau. Sijaridhika na maelezo hayo, lakini usafiri haungoji.

Alhamisi, wiki ya tatu

Juzi na jana hapakutokea kitu, wala mchana wala, kwa kadiri ninavyoona, usiku: kwenye diski ya nje hakuna nakala mpya. Leo saa nne asubuhi nikiwa ghalani napima magunia, mjomba amenipigia simu kusema kompyuta zimelala tena.

Kazi iliyopangwa kufanyika saa nane usiku imefanyika saa kumi jioni, kisha siku mbili haikufanyika kabisa, kisha imefanyika saa nne asubuhi. Nimewaza eneo la saa, nimelihakiki, ni la Dar es Salaam. Nimewaza virusi, ingawa najua kwamba hilo ni wazo la mtu aliyekosa wazo.

Jumamosi, wiki ya tatu

Nimefika saa nane mchana, na saa nane hiyo hiyo kazi ya nakala ikaanza mbele ya macho yangu. Kwa dakika chache nilicheka: saa nane ndiyo hii, ila ni ya mchana. Kisha nikakumbuka kwamba kwa cron saa nane mchana ni 14, wala si 2, na kicheko kikaisha.

Saa kumi nimeiunganisha simu na seva ili nipakue masahihisho ya usalama. Apt, programu ya Debian ya kupakua na kusakinisha programu nyingine, imekataa. Ujumbe wake ulisema kwamba faili la orodha lililotoka kwa Debian bado halijaanza kuwa halali. Nililaumu mtandao wa simu, kama ilivyo desturi, nikaenda kununua chai. Niliporudi nikarudia amri ile ile, ikapita bila neno. Hapo ndipo nilipopata wazo, lililochelewa, la kuitazama saa ya seva. Ilikuwa sahihi kabisa, hadi dakika.

Jumanne, wiki ya nne

Dada ameniita saa tisa na nusu alasiri. Alikuwa amehifadhi barua muda mfupi uliopita, na orodha ya mafaili ikamwonyesha kwamba barua hiyo imehifadhiwa Jumapili saa tano asubuhi. “Kaka, Jumapili duka halifunguliwi,” akasema, “au kuna mtu anaingia?”

Safari hii sikuiunganisha simu wala kugusa kitu kingine chochote. Niliandika amri ya kuuliza tarehe. Seva ikajibu kwamba leo ni Jumapili, na kwamba saa ni 11:34.

Nimeketi mbele ya skrini hadi muda wa kuondoka umepita, na nimeachana na usafiri. Nimesoma daftari la matukio la cron, mstari kwa mstari. Debian huja na kazi ndogo ambayo cron huifanya kila saa ifikapo dakika ya 17, hata kama haina la kufanya, na kila mara huacha mstari mmoja. Mistari hiyo imeniambia kila kitu. Baada ya Jumamosi 17:17 unafuata mstari wa 18:17, kisha 19:17, kisha 20:17, na kuendelea hivyo bila pengo hadi Jumapili 03:17, na mbele zaidi hadi 11:17. Kwa mujibu wa daftari, seva imekuwa macho Jumamosi usiku kucha. Lakini huo huo muda wa saa kumi na saba na dakika chache kuanzia Jumamosi jioni ndio muda wote ulioandikwa. Jumatatu yote na Jumanne hadi sasa havimo. Seva hii haijapoteza usiku mmoja. Haijawahi kuwa na usiku hata mmoja: kila jioni imeshonewa asubuhi inayofuata.

Nikachora jedwali nyuma ya karatasi ya fotokopi iliyoharibika. Duka hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni, yaani saa kumi kwa siku. Tuseme saa ya seva ilikuwa sahihi Jumamosi jioni, 18:00, ikasimama hapo duka lilipofungwa, ikaendelea kutoka hapo hapo Jumatatu asubuhi. Jumatatu ingekwenda kutoka 18:00 hadi 04:00, na 02:00 yake ingeangukia saa kumi jioni. Jumanne ingekwenda kutoka 04:00 hadi 14:00, na Jumatano kutoka 14:00 hadi usiku wa manane; siku hizo mbili 02:00 haimo. Alhamisi ingeanzia usiku wa manane, na 02:00 ingeangukia saa nne asubuhi. Ijumaa hapana. Jumamosi ingekwenda kutoka 20:00 hadi 06:00, na 02:00 ingeangukia saa nane mchana. Jumatatu saa kumi, Alhamisi saa nne, Jumamosi saa nane: ndivyo hasa ilivyokuwa wiki iliyopita. Sikumbuki mara ya mwisho hesabu kunifurahisha kiasi hicho.

Nikabaki hadi saa ya kufunga. Saa kumi na mbili mjomba alitoa kapu lake, akafunga droo, akapandisha mkono ukutani na kuteremsha swichi kuu. Duka zima likawa giza, seva ikiwemo.

“Shikamoo mjomba,” nikasema gizani, kwa kuwa hakujua kama nipo. “Si tulikubaliana seva isizimwe?”

“Marahaba. Mimi sijaigusa seva yako, mjomba. Nimezima umeme wa duka.”

Sikuwa na jibu. Hakuvunja neno lake hata chembe. Swichi ile ameizima kila jioni tangu alipofungua duka, kwa hofu ya shoti na kwa kuhurumia yuniti za LUKU, na mimi niliyemwomba asiizime seva sikuwahi kumuuliza duka linafungwaje.

Jumatano, wiki ya nne

Nimeomba ruhusa ghalani, nikawepo dukani saa mbili asubuhi. Kuzimwa kwa umeme pekee hakuwezi kuisimamisha saa ya kompyuta, kwa sababu kwenye madabodi, yaani bodi kuu ya kompyuta, kuna betri ndogo ambayo kazi yake ni kuitunza saa hiyo mashine inapokuwa haina umeme. Mjomba akapandisha swichi, akabonyeza kitufe cha seva, na kabla Debian haijaanza, ikatokea skrini ambayo sijawahi kuiona kwa kuwa sijawahi kuwepo asubuhi. Iliandika kwamba betri imeisha nguvu, kwamba tarehe na saa hazijawekwa, na kwamba ili kuendelea ubonyeze F1. Mjomba akabonyeza F1 bila hata kuangalia, huku mkono mwingine ukifungua pazia.

Nilimuuliza tangu lini. Akasema tangu walipoinunua. Aliyewauzia aliwaambia ikiomba F1 waipe F1, naye ameipa.

Yaliyobaki nimeyapata kwenye maelezo yanayokuja na Debian yenyewe. Betri ikifa, saa ya madabodi hurudi tarehe ya zamani sana, lakini mfumo haukubali kurudi nyuma kiasi hicho. Programu inayolinganisha saa na mtandao huandika diskini kumbukumbu ya wakati, na inapokosa mtandao huihuisha kila sekunde 60. Mfumo ukiwaka na kukuta saa iliyo nyuma ya kumbukumbu hiyo, huanzia kwenye kumbukumbu. Ni uamuzi wa busara, maana saa inayochelewa ni nafuu kuliko saa iliyorudi miaka. Lakini kwangu busara hiyo ndiyo iliyouficha ugonjwa: laiti seva ingeamka ikidai kwamba tuko mwaka 2010, ningeshuku siku ya kwanza. Na kila Jumamosi nilipounganisha simu, programu hiyo hiyo iliipata saa sahihi kutoka kwenye intaneti na kuufuta ushahidi wakati mimi nikinywa chai. Apt ilikataa kwa sababu orodha ya Debian ilikuwa na tarehe ambayo, kwa kalenda ya seva, bado ilikuwa mbele. Ujumbe wake ulikuwa wa kweli neno kwa neno, nami sikuusoma kama taarifa bali kama kisirani.

Ni haki niiseme kozi vizuri. Kutunza saa ya mfumo kumo kwenye mtaala wa LPIC-1, ni mada ya 108.1 katika mtihani wa 102, na video yake ninayo. Niliiruka kwa kuona kwamba kuweka saa si somo la mtu mzima. Hata hivyo nimeitazama leo, na mwalimu anafundishia mashine pepe, kompyuta iliyo ndani ya kompyuta nyingine, ambayo hupewa saa na mwenyeji wake na haina betri ya kufa. Angeniambia kila kitu kuhusu amri, na bado nisingejua F1 ya mjomba inamaanisha nini.

Betri nimeinunua kwa fundi wa saa sokoni Mwanga. Jina lake, CR2032, linataja umbo: kipenyo cha milimita 20 na unene wa milimita 3.2. Ile ya zamani fundi aliipima kwa mita yake, ikasoma volti moja na kidogo badala ya 3, akaitupa kwenye kopo bila huruma.

Alhamisi, wiki ya nne

Kosa langu la jana, la mwisho natumaini. Baada ya kuweka betri niliingia kwenye mipangilio ya madabodi na kuandika saa niliyoiona ukutani. Debian huichukulia saa ya madabodi kuwa ya UTC, saa ya rejea ya dunia, kisha huongeza saa tatu za Tanzania, hivyo leo asubuhi seva ilikuwa imetangulia kwa saa tatu. Nimerekebisha kwa kuiacha Debian yenyewe iiandike saa ya madabodi, badala ya mimi kuipeleka mkononi.

Kuhusu usiku, nimekubali kushindwa, au tuseme nimekubali ukweli wa duka. Mjomba hataacha swichi kuu juu, na sioni kwamba amekosea. Paa ni la bati, nyaya ni za zamani na hakuna mlinzi. Kazi ya nakala lazima ifanyike mchana. Nimeichagua 13:00, saa saba, kwa sababu ndipo duka linapokuwa tulivu: mjomba na dada huenda kuswali adhuhuri na mlango huegeshwa. Hapa Kigoma jua la utosini huwa karibu na saa saba, wala si saa sita kama jina la saa linavyodai, kwa kuwa nchi nzima inafuata saa ya longitudo ya 45 Mashariki, iliyo baharini huko, ilhali sisi tuko karibu na 30. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, saa zao ziko nyuma yetu kwa saa moja, na kwa jua hili wao ndio walio sawa.

Nimeiondoa kazi hiyo kwenye cron na kuiweka kwenye ratiba ya systemd, programu inayosimamia huduma za Debian, ambayo ina sifa moja niliyokuwa naihitaji: umeme ukiwa umekatika saa saba, kazi iliyokosa zamu yake hufanyika mara seva inapowaka. Cron ya kawaida husubiri kesho. Pia nimeacha kuifunga folda nzima kila siku. Sasa rsync hunakili yale tu yaliyobadilika, na jana hiyo ilikuwa kazi ya chini ya dakika moja. Ningeanza hivyo, hata hitilafu yote isingeonekana, na saa ingeendelea kudanganya kimya kimya. Sijui kama nifurahi au nisikitike.

Jumamosi, wiki ya nne

Mteja amekuja kutafuta hati aliyochapiwa mwezi uliopita, na dada aliikuta imeandikwa juu yake na barua ya mtu mwingine, bila shaka kwa kufungua hati ya zamani kama kiolezo na kuihifadhi bila kubadilisha jina. Nimeitoa kwenye nakala ya Alhamisi. Tarehe za nakala sasa ni za kuaminika, kwa hiyo nilijua ni ipi ya kuifungua, na mteja hakusubiri zaidi ya muda wa kutoa kiti.

Nimemwekea mjomba karatasi kando ya swichi kuu: kwanza bonyeza kitufe cha seva mara moja, subiri taa izime, ndipo ushushe swichi. Amefanya hivyo jioni mbili mfululizo. Saa ya madabodi, iliyoishi na betri yake usiku wote, nimeilinganisha na simu: imechelewa kwa sekunde mbili kwa siku mbili, na kuunganisha simu kila Jumamosi kutatosha kuisahihisha.

Daftari la cron la jana na leo linasema Ijumaa 16:17, Ijumaa 17:17, Jumamosi 08:17. Kati ya mstari wa pili na wa tatu hakuna kitu.

Wakati ninafunga begi, mjomba ameinama chini ya kaunta akaitazama seva kwa muda, kisha akaniuliza, “Hivi mjomba, ile F1 mbona siku hizi haiiombi?”